Ndugu watano, bendi moja

(1)

 

Leo ilikuwa zamu ya mada nyingine kabisa, lakini kuna ujumbe umeingia ambao haujibiki kwa mistari miwili. Umetoka kwa mama mmoja wa humu humu Simiyu. Nimemwomba ruhusa niuseme, na jina lake na kijiji chake nimeviacha.

Ana watoto wa kiume watatu na wana kikundi cha muziki. Mkubwa anapiga kinanda, wa kati anaimba, wa mwisho yuko darasa la saba, kazi yake kubeba nyaya na kucheza mbele ya watu. Wanapiga kwenye harusi, hasa ile miezi watu wameshauza pamba na mifuko imetuna. Mwezi uliopita wamegombana kwa ajili ya hela ya harusi moja. Mkubwa kahama nyumbani na kinanda kaondoka nacho. Wa kati anasema kinanda si chake, baba ndiye aliuza ng'ombe wakanunua. Wa mwisho hajawahi kupewa hata shilingi, eti yeye ni mdogo, anakula nyumbani.

Mama akaniuliza hivi: "Dada nesi, hivi ndugu wa tumbo moja wanaweza kufanya kazi moja wakafika mbali? Au mimi natengeneza maadui ndani ya nyumba yangu mwenyewe?"

Najua kuna atakayesema nesi na muziki wapi na wapi. Jamani, mtoto halelewi kwa chanjo na uji peke yake. Na hili swali la ndugu kugawana kitu kimoja nakutana nalo kuanzia wodi ya wazazi, pale mtoto wa pili anapozaliwa na wa kwanza anaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo nitajibu, ila nitajibu kwa habari za ndugu wa kweli waliopiga muziki pamoja. Ni ndefu. Ukichoka, pumzika, nyonyesha, urudi.

(2)

Kwanza kidogo kuhusu sisi wenyewe, maana kuna watu wanadhani vijana wetu wamerogwa na kinanda.

Usukumani muziki haujawahi kuwa jambo la kupoteza muda. Wazee wanajua Wagika na Wagalu, zile pande mbili za wachezaji ngoma zinazoshindana tangu enzi za mababu. Mnapanga uwanja mmoja, huku wanacheza hawa, huku wale, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Ndiyo maana mcheza ngoma wa Kisukuma hakosi mbinu: huyu anakuja na majembe ya bugobogobo, yule na nyoka. Wakati wa sikukuu ya Bulabo kule Bujora, Kisesa, bado mambo hayo yanaonekana.

Sasa kijana wa leo wa Itilima au Maswa anatafuta watu hao hao kwa kinanda cha umeme, kompyuta na spika kubwa mbili. Mdundo ni ule ule wa nyumbani, ila ngoma yenyewe imeingizwa kwenye mashine. Kitufe kimoja kinatoa ngoma, kingine kinatoa filimbi, kingine sauti kama ya watu wanaitikia. Zamani ungehitaji watu kumi na tano, leo wanatosha watatu. Na hapa ndipo ugomvi unapoanzia: watu wakiwa kumi na tano, mwenye kinanda ni mmoja tu kati yao. Wakiwa watatu, mwenye kinanda anajiona ndiye bendi.

Huko Marekani wapo ndugu wawili, Ron na Russell Mael, bendi yao inaitwa Sparks. Mwaka 1979 walitoa albamu waliyotengeneza na Giorgio Moroder, yule bingwa wa muziki wa mashine kutoka Italia, na baada ya hapo Wazungu wengi wakafuata njia hiyo ya mtu mmoja kwenye kinanda na mmoja anaimba. Ron yuko kwenye kinanda, amenuna, hatingishiki. Russell anaimba na kurukaruka. Ni wazee sasa na bado wako pamoja. Nawataja ili mjue kwamba jambo hili si la kwetu tu, ila hao wako mbali. Twende Mombasa.

(3)

Mwaka 1969, Mombasa, vijana wa nyumba moja walianzisha bendi. Jina la kwanza lilikuwa Avenida Success. Mwaka 1972 wakabadilisha wakajiita Them Mushrooms, yaani uyoga. Baadaye sana walikuja kulirudisha jina hilo kwenye Kiswahili, wakajiita Uyoga.

Someni majina yao taratibu, maana kwangu mimi jibu la yule mama limeanzia hapo. Teddy Kalanda Harrison. Billy Sarro Harrison. George Zirro Harrison. John Katana Harrison. Dennis Kalume Harrison.

Mnaona? Mwishoni kuna Harrison, jina la nyumba, wote wanalo. Lakini katikati kila mmoja ana la kwake, majina ya kwao Pwani, na hayo ndiyo watu walikuwa wanayatumia: huyu Kalanda, huyu Katana, huyu Kalume. Hakuna aliyekuwa "mdogo wake Teddy". Sisi huku tuna tabia moja, mtoto wa pili anaishi maisha yake yote akiitwa "mdogo wake fulani". Hata shuleni mwalimu anamwambia kaka yako alikuwa na akili, wewe vipi? Halafu tunashangaa mtu ana miaka 20 hataki hata kukaa chumba kimoja na kaka yake.

Kazi yao ya mwanzo haikuwa ya umaarufu. Walikuwa wanapiga kwenye hoteli za kitalii za ufukweni. Watu wanaidharau kazi ya hoteli lakini ni shule. Unapiga usiku baada ya usiku, watu wanakula, wengine hawakusikilizi kabisa. Leo wanataka rumba, kesho wanataka regge, keshokutwa kuna mzee wa Kijerumani anataka wimbo wa ujana wake. Huwezi kususa kwa sababu umegombana na kaka yako asubuhi. Meneja hajui habari za kwenu, yeye anataka saa ikifika muziki uanze.

Na mimi naamini, haya ni maoni yangu tu, kwamba kilichowaweka pamoja wale ndugu ni ratiba kuliko upendo. Upendo wa ndugu upo, sikatai. Lakini upendo una siku zake mbaya. Kazi yenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza inawavusha ile siku mbaya. Hata wodini kwetu ni hivyo hivyo, manesi wawili wanaweza kuwa hawasemeshani lakini zamu ikifika wanapokezana, na mgonjwa hajui kitu.

(4)

Sasa sikilizeni kisa cha wimbo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Teddy Kalanda alitunga wimbo unaoitwa Jambo Bwana. Watalii pale hotelini walikuwa wanapenda kujua maneno mawili matatu ya Kiswahili: salamu, karibu, habari. Basi yeye akayaweka maneno hayo kwenye wimbo mwepesi ambao hata mtu aliyefika jana anaweza kuuimba. Ulirekodiwa mwaka 1980, ukatoka kwenye sahani ya santuri mwaka 1982, ukauzwa mno.

Sisi wazawa tunajua hakuna mtu wa Bariadi anayemsalimia mwenzake "jambo" peke yake. Tunasema hujambo, sijambo, na wengi wetu tunaanza na mwangaluka au mwadila kwanza. Lakini wimbo ule haukutungwa kwa ajili yetu. Ulitungwa kwa ajili ya mgeni, na nadhani ndiyo sababu ulisafiri, kwa kuwa ulikuwa umeshafungwa kama mzigo wa safari. Leo hata wale watalii wanaopita Lamadi kwenda Serengeti wanakuja wameshaujua kutoka kwao.

Mwaka 1983 kundi la Boney M la kule Ujerumani likautoa kwa namna yao, vinanda vya umeme na mdundo wa disko. Boney M mnawajua, ni wale ambao nyimbo zao za Krismasi zinapigwa kila Desemba mpaka unakariri. Baada ya hapo kila mtu akauimba: kwaya za shule Ulaya, bendi za hoteli kuanzia Zanzibar mpaka Malindi, wacheza sarakasi. Wengi wanadhani ni wimbo wa asili usio na mwenyewe, kama vile umeota porini.

Una mwenyewe. Ulitungwa na mtu mwenye jina, kwenye bendi yenye jina.

Na ndani ya wimbo ule kuna yale maneno mawili, hakuna matata. Mwaka 1994 ikatoka filamu ya katuni ya simba ya kampuni ya Disney yenye wimbo mwingine tofauti kabisa wenye jina hilo la hakuna matata. Mwaka huo huo kampuni ikaomba maneno hayo yasajiliwe Marekani kama alama yake ya biashara kwenye nguo, na mwaka 2003 yakasajiliwa. Mwaka 2018 Mzimbabwe mmoja, Shelton Mpala, akaanzisha ombi mtandaoni kupinga, na watu wengi sana wakaweka sahihi. Kisheria usajili ule hauzuii mtu kusema hakuna matata. Unahusu kuuza fulana. Lakini unaelewa kwa nini watu waliumia. Maneno ya bibi yako, unakuta yamewekewa mwenyewe ng'ambo.

Kwa hiyo mama unayesoma, kama mwanao anatunga nyimbo, hili si jambo la mzaha. Tanzania tuna Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, na tuna sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1999. Wimbo unasajiliwa, na unapousajili unaandikwa nani ametunga. Hapo ndipo ndugu wengi wanapokwama, maana nyumbani walikuwa wanasema "wetu", na fomu inauliza jina. Mnatakiwa muulizane kabla ya fomu: maneno ya nani, mdundo wa nani? Jambo Bwana ilikuwa ya bendi nzima jukwaani, lakini mtunzi anajulikana ni Teddy Kalanda, na wenzake waliendelea kuupiga naye miaka na miaka.

Nichomekee kitu hapa kabla sijasahau, ni cha kazini kwangu. Hayo maneno ya hakuna matata, sisi huku tunayasema "hamna shida". Ninyi akina mama wajawazito mnanitesa sana na hiyo hamna shida yenu. Nakuuliza kichwa kinauma? Hamna shida. Miguu? Imevimba kidogo ila hamna shida. Mtoto anacheza? Tangu juzi katulia, hamna shida. Jamani! Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, damu kutoka, mtoto kupunguza kucheza, hizo ni shida, na unakuja siku hiyo hiyo, husubiri tarehe ya kwenye kadi. Wimbo ule ulikuwa wa kumwambia mtalii asiwe na wasiwasi. Wewe si mtalii.

Haya, turudi kwenye bendi.

(5)

Mwaka 1987 wale ndugu walihamia Nairobi. Fikiria hapo: bendi ya hoteli za Pwani, yenye wimbo ulioenda duniani, inahama mji mzima. Mpaka hapo walikuwa wameshapiga regge, mwaka 1981 walitoa albamu ya regge wakati watu wa Afrika Mashariki wengi walikuwa wanaisikiliza tu kwa Bob Marley. Walikuwa wameshapiga chakacha na midundo ya Mijikenda. Baadaye wakafanya kitu ambacho mimi ndicho ninachokipenda kuliko Jambo Bwana: wakaanza kuzirudia nyimbo za zamani, zile tunazoziita zilizopendwa, wakaziunganisha pamoja ili watu wazima wacheze na watoto wao wazisikie. Walimrudisha studio mzee Fundi Konde, mkongwe aliyekuwa anapiga gitaa tangu zama za vita kuu ya pili. Walifanya kazi na Malika wa taarabu, na mwanamama aliyeimba Kikikuyu, Jane Nyambura.

John Katana ndiye mtu wa kinanda. Na ukisikiliza zile kazi zao za miaka hiyo, kinanda hakiwafuniki wengine. Kinaingia, kinapamba, kinatoka. Gitaa lina nafasi, sauti zina nafasi. Narudia tena, maana ndipo ulipo ugomvi wa vijana wa yule mama: kinanda cha siku hizi kinaweza kufanya kazi ya kila mtu, na kwa hiyo ni rahisi sana anayekishika kufikiri hahitaji mtu. Katana alikuwa na uwezo huo mikononi na bado bendi ikabaki bendi.

(6)

Lakini msidhani ndugu wote wamefika hivyo. Kuna habari ya upande wetu wa Tanzania, na hii wazazi wenu wataijua zaidi.

Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, watoto wa Tanga. Walianzia Jamhuri Jazz pale pale Tanga mwaka 1966. Mwaka 1970 wakaenda Arusha, wakaanzisha Arusha Jazz pamoja na ndugu yao mwingine, William. Mwaka 1971 wakavuka mpaka kwenda Nairobi na huko wakawa Simba Wanyika. Hawa wao hawakuwa na habari ya vinanda, wao ni magitaa na saksafoni. Kama ulikulia kwenye nyumba yenye redio, umeshawasikia hata kama hujui majina yao.

Mwaka 1978 bendi ikapasuka. Omari Shabani, yule waliyemwita Profesa, mpiga gitaa la kati, akaondoka. Tom Malanga wa besi akaondoka. Rashid Juma wa ngoma akaondoka. Wakaanzisha Les Wanyika, na baadaye John Ngereza akawa sauti kubwa ya kundi hilo. Sina Makosa mnaijua? Ni ya hao walioondoka. Mpaka leo kwenye harusi za Simiyu ikipigwa hiyo, hata shangazi mwenye goti bovu anasimama.

Sasa tazama vizuri nani walibaki na nani waliondoka. Walioondoka hawakuwa wa ile nyumba. Waliobaki ni akina Kinyonga. Sisemi kwamba walionewa, sikuwepo, na mambo ya bendi yana mengi. Nasema tu nilichokiona: damu iliwashika ndugu, haikuwashika waliokaa kando yao. Ukiwa mpiga besi kwenye bendi ya ndugu wa tumbo moja, kila kikao unaingia ukijua wenzako wameshaongea mezani nyumbani kwao. Hata wakikupunja au wasipokupunja, hutajua.

Na hata damu nayo ina mipaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 George mwenyewe alijitenga kwa muda, akawa na kundi lake, Orchestra Jobiso. Kisha akarudi kwa ndugu yake wakaendelea na Simba Wanyika. Sehemu hiyo ya kurudi huwa inanigusa kuliko nyimbo zao zote. Alitoka na watu wakajua ametoka, santuri zipo zenye jina jipya, na bado alikuta mlango haujafungwa.

George alifariki mwaka 1992. Wilson akafuata mwaka 1995. Simba Wanyika ikaishia hapo.

(7)

Kwa hiyo mama yangu uliyeniandikia, nakujibu ninavyoona mimi.

Wanaweza kufika mbali, ndiyo. Wapo waliofika. Ila usiwapatanishe kwa kuwaambia "nyie ni ndugu". Wanajua kwamba ni ndugu, ndiyo maana inauma. Mtu baki akikudhulumu unakasirika unasahau. Ndugu akikudhulumu unamkumbuka kila ukikaa kula.

Anza na kinanda. Baba yao aseme waziwazi mbele ya wote watatu: kinanda nilikinunua cha nyumba, au nilikinunua cha mkubwa. Lolote atakalosema, liwe moja. Kama ni cha nyumba, basi kwenye kila harusi kinatengewa fungu lake la matengenezo na kununua kingine, kama vile ng'ombe wa maziwa anavyotengewa pumba. Kama ni cha mkubwa, apewe hela ya kinanda chake mbali na hela ya mikono yake. Mkichanganya hivyo viwili, hamtakaa mpatane.

Halafu daftari. Si lazima kompyuta, daftari la shule la kurasa 40 linatosha. Harusi ya tarehe fulani, tumepewa kiasi hiki, usafiri kiasi hiki, kila mmoja kiasi hiki, sahihi. Na anayeandika asiwe mkubwa. Mpe yule wa kati, au kama ana hesabu nzuri mpe wa darasa la saba.

Na huyo wa darasa la saba alipwe. Najua wengi hamtakubaliana na mimi, mtasema mtoto atapenda hela ataacha shule. Kwanza usiku wa siku za shule hata asipelekwe huko, hilo halina mjadala, ana mtihani. Lakini siku anayokwenda na akafanya kazi, apewe chake, hata kama mama unamtunzia anunue sare. Anayemzoesha mtoto kufanya kazi bure kwa sababu ya udogo wake anamfundisha kungoja siku atakayokuwa mkubwa naye ampunje mwingine.

Na kama mkubwa anataka kwenda peke yake kwa muda, mwache aende. Usimlaani, usimtumie wajomba. George Kinyonga alikwenda.

(8)

Ya mwisho ni kwa wenye watoto wadogo, maana naona kwenye maoni mmeanza, "nesi, wangu wana miaka mitatu na miezi miwili, hayo ya bendi yanatuhusu nini?"

Yanawahusu. Akizaliwa mdogo wake, yule wa kwanza anaweza kurudi nyuma. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena. Aliyeacha ziwa anataka ziwa. Mwingine anamfinya mtoto halafu anakimbia. Hajaingiwa na pepo, na fimbo haisaidii. Anaona kiti chake kimekaliwa. Mpe kazi iliyo yake peke yake: yeye ndiye anayeleta nepi, yeye ndiye anayemwimbia mtoto wakati wa kuoga. Kila siku tafuta hata dakika kumi za kwake bila mtoto mchanga mgongoni. Na muite kwa jina lake. Usimwite "kaka mtu" tu kutwa nzima, ana jina lake na alikuwa nalo kabla mwenzie hajaja.

Na kwa kuwa tumeongelea vinanda na spika, masikio. Naona harusini watoto wachanga wamebebwa mgongoni mbele ya spika yenye urefu wa mlango, mama anacheza, mtoto amelala, na watu wanasema mtoto huyu ana usingizi mzuri. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikifa kwa kelele, havioti tena, si kwa dawa wala kwa mafuta. Kama inabidi upaze sauti ili mtu aliye hatua moja tu kutoka kwako akusikie, basi kelele hiyo ni kubwa mno kwa mtoto. Ondoka mbele ya spika, nenda nyuma kabisa au nje ya turubai. Umbali unasaidia sana. Na sisi wa mkoa wa pamba tusidanganyane, kumziba mtoto masikio kwa pamba hakusaidii kiasi mnachodhani.

Vijana wapiga kinanda, nanyi mnaosimama katikati ya spika usiku kucha, masikio yakilia asubuhi kama panzi, hiyo ni taarifa. Yapumzisheni, na msogeze spika zielekee kwa watu, zisielekee kwenu.

Mtoto wa miezi sita anatakiwa ageuke akisikia sauti pembeni yake. Wa mwaka mmoja awe anatoa visauti vya kujaribu kuongea, ba-ba, ma-ma. Kama wako hafanyi hivyo, usisubiri mtu akuambie "hata baba yake alichelewa". Mlete kliniki na kadi yake, tumwangalie.